Redio koli za mtumba Rukwa: Mambo ya kujua kabla hujaziseti kwa redio ya ridhaa

Sumbawanga. Kabla minara ya simu haijasambaa, mtu wa kijijini Ufipa aliyetaka kutuma taarifa ya haraka mjini alitafuta palipo na simu ya upepo: misheni, kituo cha polisi, ofisi ya wanyamapori au kwenye mradi.

Redio zile, ambazo wengi tunaziita redio koli, nyingi zimestaafu. Zipo zilizolala stoo, zipo zinazouzwa mtumba pamoja na chaja zake, na zipo zilizogeuka mapambo kwa fundi.

Swali ambalo vijana wanaopenda mambo ya redio hujiuliza ni hili: redio koli kuukuu inaweza kuprogramiwa upya itumike kwenye redio ya ridhaa?

Jibu fupi ni ndiyo. Ila hela nyingi hupotea hapa kwa sababu moja: mtu ananunua kwanza, anauliza baadaye. Na kuna wanaopoteza zaidi ya hela, maana redio iliyoprogramiwa vibaya inaweza kukuingiza kwenye masafa ya polisi au ya meli ziwani.

Tuyapange mambo hatua kwa hatua.

Redio ya ridhaa ni kitu gani?

Kama ilivyo mpira wa ridhaa, hii ni redio ya watu wanaofanya kwa mapenzi, si kwa malipo. Duniani inajulikana kama ham. Wahusika huwasiliana, hujifunza ufundi, hujaribu antena na husaidia mawasiliano wakati wa majanga.

Kila mwenye leseni hupewa alama ya mwito, yaani jina lake la hewani. Alama za Tanzania huanza na 5H. Ukisikia 5Z ujue ni Kenya, 5X ni Uganda, 9J ni Zambia, na 9Q ni Kongo. Kwa sisi tunaopakana na Zambia na tunaotazamana na Kongo ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hizo mbili za mwisho ni za majirani kabisa.

Kuna jambo moja watu hulikosea sana. Redio ya ridhaa hairuhusiwi kwa biashara. Huwezi kuitumia kuuliza bei ya mahindi Laela, kupanga malori ya maharage wala kuelekeza bodaboda. Ukitaka redio za shamba, ulinzi au kampuni, hiyo ni leseni nyingine na masafa mengine.

Pia huruhusiwi kuficha maana ya unachosema. Kama redio yako ina kitufe cha kuvuruga sauti ili wengine wasielewe, kizime.

Kwa nini uhangaike wakati una simu?

Unakumbuka Mei 12, 2024? Nyaya za mawasiliano zilizopo chini ya bahari zilipata hitilafu na intaneti ikayumba nchi nzima. Siku ile watu wengi waligundua kwamba simu janja bila mtandao ni tochi na kamera tu.

Redio inapoongea na redio, haihitaji mnara, vocha wala waya wa baharini. Inahitaji umeme kidogo, antena na mtu wa upande wa pili.

Kwa Rukwa kuna sababu nyingine. Tunaishi juu ya Bonde la Ufa. Desemba 13, 1910, eneo hili lilipigwa na tetemeko lenye ukubwa unaokadiriwa kufikia 7.4, miongoni mwa matetemeko makubwa zaidi kurekodiwa Afrika katika karne ya 20. Desemba 5, 2005, lingine la 6.8 lilitokea Ziwa Tanganyika.

Hakuna anayejua lijalo litakuja lini. Kinachojulikana ni kwamba siku ya tetemeko si siku ya kuanza kutafuta kebo ya kuprogramu redio.

Kwanza leseni, halafu redio

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ndiyo inayosimamia masafa yote nchini. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka anayetumia masafa ya redio awe na leseni. Redio ya ridhaa nayo ina leseni yake.

Kwa mtu wa Sumbawanga, pa kuanzia ni ofisi ya TCRA Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iliyopo Mbeya. Wapo pia Tanzania Amateur Radio Club, kwa kifupi TARC, chama cha wapenzi wa redio ya ridhaa nchini. Ukiongea na wenye uzoefu mapema utaokoa muda na pesa.

Kwenye kununua, usione aibu kuuliza redio imetoka wapi. Omba risiti au barua ya mauziano. Redio ya mkononi inaweza kuwa mali ya serikali, hifadhi au kampuni ya ulinzi iliyotoka kwa mlango wa nyuma. Kama ukiiunganisha na kompyuta inadai nywila kabla ya kusomwa, hiyo ni ishara kwamba aliyekuwa nayo hakutaka iguswe. Simama hapo uulize tena.

Soma namba iliyo nyuma ya redio

Hapa ndipo hela huokolewa au huzama.

Redio ya biashara haishiki masafa yote. Kila moja imetengenezwa kwa kipande chake tu. Redio ya ridhaa katika ukanda wetu ina vipande viwili vinavyofaa kwa redio koli: megahezi 144 hadi 146, ambacho ni VHF, na megahezi 430 hadi 440, ambacho ni UHF.

Kwa nje redio mbili zinaweza kufanana kama mapacha, kumbe moja ni VHF na nyingine UHF. Kompyuta haiwezi kubadilisha hilo, kwa sababu tofauti ipo kwenye vifaa vya ndani.

Kwa Kenwood, angalia tarakimu ya kwanza. Za mkononi zinazoanza na TK-2 ni VHF, na TK-3 ni UHF. Za kwenye gari, TK-7 ni VHF na TK-8 ni UHF. Huu ni mtindo wa modeli nyingi za miaka ya karibuni. Za zamani zaidi, kama TK-760 na TK-860, zitafutie maelezo yake kwanza.

Kwa Motorola GP340, angalia namba ndefu kwenye lebo. Ikiwa na MDH25K ni VHF ya megahezi 136 hadi 174. Ikiwa na MDH25R ni UHF ya 403 hadi 470. Zote mbili zinaingia kwenye masafa ya ridhaa bila tabu.

Mtego upo kwa GP300, redio ngumu ya enzi zake iliyotumika sana. VHF yake ilitoka kwa aina mbili: ya megahezi 136 hadi 162, na ya 146 hadi 174. Ya kwanza inakufaa. Ya pili inaanzia pale pale masafa ya ridhaa yanapoishia! Zipo zinazokubali kushuka kidogo chini ya kiwango chake, lakini nyingine hupungukiwa nguvu au hulia mlio wa kukataa na kugoma kabisa. Usinunue kwa kubahatisha.

Za kale zaidi ya hizo hazina hata sehemu ya kuunganisha kompyuta. Masafa yake yamefungwa na vipande vya fuwele, kila chaneli na fuwele yake. Kuibadilishia chaneli maana yake ni kuagiza fuwele mpya na kuirekebisha upya kwa vipimo. Hiyo mwachie mkusanyaji wa vitu vya kale.

Kebo na programu: ishu kubwa ilipo

Fundi simu akisikia "kuprogramu" anaweza kufikiri ni kama kuflashi simu. Zinafanana, ila redio ina ukorofi wake.

Kwanza kebo. Redio nyingi za zamani zinaongea kwa umeme mdogo wa volti 5, wakati tundu la kompyuta la enzi hizo lilikuwa na volti zaidi ya hapo. Katikati huwekwa kisanduku cha kutafsiri. Kebo nyingi za USB za leo zina kisanduku hicho ndani ya plagi.

Shida ni kwamba kebo za bei poa mara nyingi zina chipu ya kughushi. Windows mpya inaitambua, halafu inaikataa. Unaweza kushinda siku nzima ukidhani redio imekufa, kumbe ni kebo. Kebo zenye chipu halisi ya FTDI huwa na usumbufu mdogo.

Pili programu. Kila kampuni ina yake, na mara nyingi kila modeli ina yake.

GP300 na ndugu yake wa kwenye gari, GM300, zinatumia programu ya DOS, mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows. Kompyuta ya leo ina kasi kupita kiasi kwake. Programu inatuma swali na kuacha kusubiri kabla redio haijajibu. Ndiyo maana mafundi wa redio hutunza kompyuta kongwe ambazo mtu mwingine angezitupa. Kama una moja nyumbani, usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

GP340 na GM340 zinatumia programu ya Windows, hivyo kazi ni rahisi zaidi.

Kwa baadhi ya Kenwood ipo CHIRP, programu ya bure iliyotengenezwa na wapenzi wa redio ya ridhaa wenyewe. Inashika baadhi tu ya modeli, kwa hiyo angalia orodha yake kabla hujanunua redio.

Tahadhari: programu zinazozagaa kwenye mitandao ya kupakua bure mara nyingi zina virusi. Tumia kompyuta isiyo na M-Pesa ya biashara, nywila za benki wala kazi za ofisi. Bora zaidi, peleka redio kwa wakala wa kampuni husika au kwa mwanachama mwenye programu halali.

Namna ya kuiseti, hatua kwa hatua

1. Chaji batri ijae. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, redio inaweza kugeuka tofali.

2. Soma redio kabla ya kuandika chochote. Programu itavuta faili la mipangilio kutoka ndani yake.

3. Hifadhi faili hilo sehemu mbili. Lipe jina lenye modeli na namba ya redio. Ukiharibu, utarudi hapo.

4. Usimwage faili la redio nyingine kwenye redio yako. Hata kama modeli ni ile ile, vipimo vya ndani vinaweza kutofautiana.

5. Futa chaneli zote za zamani. Hii ni muhimu kuliko unavyodhani. Redio iliyotoka kwenye taasisi bado ina masafa ya taasisi hiyo. Kidole kikiteleza, sauti yako inatokea kwa walinzi au kwa askari walio kazini.

6. Zima kitufe cha dharura. Redio nyingi za kazini zina kitufe, mara nyingi cha rangi ya chungwa, kinachotuma ishara ya hatari. Zima pia namba za utambulisho wa mwenye redio wa awali.

7. Ingiza masafa mapya, ya kusikiliza na ya kusema.

8. Weka kikomo cha muda wa kuongea, mfano sekunde 60. Ukiikalia redio kwenye gari bila kujua, itajizima yenyewe badala ya kuziba chaneli.

9. Andika, kisha soma tena kuhakikisha yaliyoingia ndiyo uliyoyataka.

10. Jaribu kwa mzigo bandia, yaani kifaa kinachofungwa mahali pa antena na kumeza nguvu bila kuirusha hewani. Usibonyeze kuongea bila antena wala mzigo, utaunguza kipande cha kutuma.

Chaneli za kuanzia

Afrika ipo Kanda ya 1 ya umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa, IARU. Kwa mpango wa kanda hiyo:

- Megahezi 145.500 ni ya kuitana kwa VHF. Ukimpata mtu, mnahamia kwingine.
- Megahezi 145.525 na 145.550 zinafaa kwa mazungumzo.
- Megahezi 433.500 ni ya kuitana kwa UHF.

Weka masafa ya kusema na ya kusikiliza yalingane. Usiweke toni yoyote ya kufungulia, maana ukiweka upande wa kusikiliza, asiye na toni hiyo hutamsikia kabisa.

Jambo lingine ni upana wa chaneli. Redio za kazini huwa na chaguo la kilohezi 12.5 au 25. Mkitofautiana, mmoja atasikika kwa mbali na mwingine atasikika akikwaruza. Kubalianeni mapema.

Na usijaze chaneli nyingine "za kusikiliza tu". Redio ya megahezi 136 hadi 174 inafika mpaka masafa ya meli. Megahezi 156.8 ni chaneli ya kuombea msaada majini. Huo si uwanja wa majaribio. Leseni yako ndiyo itakayosema mwisho wa mipaka yako.

Ufipa: mlima unakubeba, mlima unakuziba

Mawimbi ya VHF na UHF husafiri karibu kama macho yanavyoona. Watu wawili waliosimama kwenye tambarare, kila mmoja na redio mkononi, kwa nadharia wanafikiana kama kilomita 10. Kwa uhalisia, wakiwa na nyumba na miti, ni pungufu.

Sasa panda juu. Uwanda wa Ufipa pale Sumbawanga una kimo cha takribani mita 1,800. Ziwa Rukwa lipo karibu mita 800. Ukisimama ukingoni, penye kuona bonde, una mita 1,000 za bure chini ya miguu yako. Kwa hesabu za redio, upeo wako unafika kama kilomita 130.

Hakuna mnara wa mtu binafsi unaoweza kukupa kimo hicho.

Ila usikimbilie kushangilia. Ukiwa katikati ya mji wa Sumbawanga, milima ya Mbizi imesimama kati yako na bonde. Mtu wa Muze, Mtowisa au Ilemba anaweza asikusikie kabisa hata ukiongeza nguvu kutoka wati 5 hadi 45. Tatizo si nguvu, ni mlima.

Suluhisho ni kusogea. Redio ya wati 5 iliyo ukingoni itaishinda ya wati 45 iliyo nyuma ya kilima. Kwa wanaopanga mawasiliano ya dharura, hii ina maana ya kutafuta mapema sehemu mbili tatu za wazi upande wa Rukwa na upande wa Tanganyika, na kuzijaribu siku ya amani. Mtu mmoja akikaa juu anaweza kupokea ujumbe wa bondeni na kuupeleka mjini kwa mdomo.

Batri, sola na antena

Redio ya mtumba karibu kila mara ina batri iliyochoka. Inaonesha imejaa, ukibonyeza kuongea inazima. Weka gharama ya batri mpya kwenye bajeti kabla hujashangilia bei ya redio.

Kwa nyumbani, redio ya kwenye gari ndiyo yenye akili zaidi. Inatumia volti 13.8, hivyo inakubaliana na batri ya gari au ya sola. Lakini ya wati 45 inaweza kuvuta takribani ampea 10 unapoongea. Waya mwembamba wa taa za sola hautoshi. Tumia waya mnene, mfupi na wenye fyuzi.

Antena nayo isidharauliwe. Kwa megahezi 145, kijiti cha robo ya wimbi kina urefu wa karibu nusu mita. Kilichopimwa vizuri na kuwekwa juu ya paa kitakusaidia kuliko kuongeza redio ya pili. Radi za Ufipa unazijua: mvua ikitishia, chomoa.

Na mtu wa Dar utampataje?

VHF haitakufikisha Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa mstari ulionyooka. Huko unahitaji masafa ya chini yanayodunda angani, kama megahezi 7.0 hadi 7.2.

Redio kuukuu za kazi hiyo zipo, mfano Codan, zilizotumiwa sana na mashirika ya misaada. Angalia kitu kimoja: kwenye masafa hayo watu wa ridhaa huongea kwa upande wa chini wa wimbi, LSB, wakati redio nyingi za mashirika ziliwekewa upande wa juu tu, USB. Bila LSB, utasikia watu wakiongea kama bata na wao watakusikia hivyo hivyo.

Maswali matano kabla hujatoa hela

- Namba ya modeli inaonesha masafa yanayoingia 144–146 au 430–440?
- Programu na kebo yake vinapatikana, na nani anavyo?
- Muuzaji ana uthibitisho kwamba redio ni yake?
- Batri na antena mpya zitagharimu kiasi gani?
- Leseni yangu imefikia wapi?

Ukikosa jibu la swali la kwanza, rudisha redio mezani. Ukikosa la mwisho, iache izimwe mpaka karatasi itoke. Na ukishapata majibu yote matano, mtafute mwenzako mmoja naye afanye hivyo hivyo, kwa sababu redio moja peke yake haina wa kuongea naye.